Kubadili Jina la Safuwima: Somo la Hifadhidata Kutoka Katwe



Ndugu msomaji, mimi ni mwanafunzi wa taaluma za Kiislamu, si wa kompyuta. Kompyuta nilijifunza kwa shida. Nyumbani kwetu Katwe, wilayani Kasese, tuna mfuko mdogo wa kuwasaidia watoto wa shule, na ulihitaji mtu wa kuandika michango. Siku hiyo, katika vijana waliokaa barazani, mimi peke yangu ndiye niliyekuwa na kompyuta ya mkononi. Wazee wakanitazama, nami nikawa mwandishi.

Makala haya ni somo la namna ya kubadili jina la safuwima katika jedwali la hifadhidata. Ni amri ya mstari mmoja. Naandika kurasa hizi kwa sababu mstari huo mmoja uliwakalisha watoto watatu nyumbani wiki nzima, na mkono ulioundika ulikuwa wangu.

Swali la Hajati

Likizo ya Januari ni wakati wa kiangazi kwetu. Maji ya Ziwa Katwe yanakauka katika vidimbwi, chumvi inaganda, na kila mwenye kidimbwi yuko ziwani kabla mvua hazijarudi kumharibia. Ndio wakati pesa inapoonekana mjini, na ndio wakati michango inapoingia.

Baada ya Alasiri moja alikuja Hajati, mama mtu mzima ambaye ana kidimbwi chake tangu ujana wake. Akaniambia, "Mwanangu, ile 20,000 niliyoitoa kwa ajili ya marehemu mzee wangu, mliiandika wapi? Ile ilikuwa sadaka yake. Nilisema apewe mtoto yeyote, hata wa jirani asiyekuwa Mwislamu."

Nikafungua kompyuta ya mfuko, inayokaa dukani kwa mzee wetu mhazini. Nikaliona jina lake, tarehe, na 20,000. Juu ya safuwima hiyo paliandikwa neno moja: Zaka.

Nikatazama safumlalo ya juu yake: mchango wa mabati ya madrasa, nao chini ya Zaka. Ya chini yake: mfanyabiashara anayepeleka chumvi Mpondwe, ametoa zaka yake ya mwaka. Huyo ndiye aliyekuwa mahali pake. Wengine wote walikuwa wageni katika nyumba isiyo yao.

Sababu ilikuwa nyepesi. Mfuko ulipoanza, ulipokea zaka tu, na aliyetengeneza jedwali alichagua jina lililofaa siku ile. Baadaye watu wakaanza kuleta sadaka, kisha michango ya ujenzi. Jedwali likabaki na jina lake la zamani, na kila shilingi iliyoingia ikaitwa zaka.

Kwa mwanafunzi wa sheria jambo hili halikubali kupuuzwa. Wanaostahili zaka wametajwa katika aya ya 60 ya Suratut-Tawba, nao ni makundi manane. Mafakihi wengi hawakubali zaka ijenge paa. Sadaka ni pana zaidi: unaweza kumpa jirani yeyote. Ukiziita zote kwa jina moja, siku ya kugawa hutajua ipi ina mipaka na ipi haina.

Nikamwambia Hajati, "Nitalirekebisha leo leo, inshaallah." Hapo ndipo haraka yangu ilipoanza.

Amri yenyewe

Hifadhidata ni mahali kumbukumbu zinapotunzwa kwa mpango. Ndani yake mna majedwali. Kila jedwali lina safuwima, zinazoshuka chini, na safumlalo, zinazokwenda upande. Jedwali letu linaitwa Michango. Safuwima zake zilikuwa Tarehe, Mtoaji, Muhula na Zaka.

Prosija iliyohifadhiwa ni fungu la amri lililoandikwa mara moja, likapewa jina, na likatunzwa ndani ya hifadhidata yenyewe. Ukiliita kwa jina lake, linafanya kazi yake yote. Ni kama shehe anavyomwambia mwanafunzi, "Sali tahiyatul-masjid." Hamweleze rakaa, kisomo na sijda. Jina linatosha, maana mafunzo yalishatangulia.

Sisi tunatumia SQL Server ya Microsoft, toleo la Express ambalo halilipiwi. Mfumo huo unakuja na prosija zake, mojawapo ikiwa sp_rename, ambayo kazi yake ni kubadili majina. Jioni ile niliandika hivi:

EXEC sp_rename 'dbo.Michango.Zaka', 'Kiasi', 'COLUMN';

Sehemu ya kwanza ndani ya alama za kunukuu ni jina la sasa, kwa ukamilifu wake: mpango wa dbo, jedwali la Michango, safuwima ya Zaka. Ya pili ni jina jipya, peke yake. Ya tatu inasema kwamba kinachobadilishwa ni safuwima, si jedwali wala faharasa.

Mfumo ukakubali. Ukaonya kidogo kwamba kubadili jina la kitu kunaweza kuvunja amri na prosija nyingine zinazolitumia. Nililisoma onyo hilo kama tunavyosoma maandishi ya nyuma ya tiketi ya basi. Nikafunga kompyuta, nikamuaga mzee mhazini, na kesho yake alfajiri nikapanda gari kurudi chuoni.

Yaliyotokea nyuma yangu

Ndani ya hifadhidata ile mlikuwa na prosija nyingine, niliyoiandika mwenyewe mwaka uliotangulia na kuisahau. Iliitwa JumlaYaKugawa. Mzee mhazini alikuwa na faili la Excel lenye kitufe. Akikibonyeza, faili linaiita prosija hiyo, nayo inamletea jumla ya pesa za muhula, ili ajue watoto wangapi atawalipia karo. Moyo wake ulikuwa mistari hii:

SELECT SUM(Zaka) AS Jumla
FROM dbo.Michango
WHERE Muhula = @Muhula;

Angalia neno lililo ndani ya mabano ya SUM. sp_rename ilibadili jina katika jedwali, lakini haikugusa maandishi ya prosija. Prosija iliendelea kutafuta safuwima inayoitwa Zaka, na haikuwapo tena.

Muhula wa kwanza wa shule ulipokaribia, mzee alibonyeza kitufe chake. Akaletewa maneno ya Kiingereza kwamba jina la safuwima si sahihi. Akanipigia simu, nami nilikuwa darasani na simu imezimwa. Akamwita kijana mmoja wa mtaani anayejua kompyuta. Kijana akasoma kosa, akaona mfumo unaitafuta Zaka, akaiumba: akaongeza safuwima mpya yenye jina hilo, tarakimu ya kuanzia sifuri.

Kitufe kikafanya kazi. Kosa likaondoka. Jumla ya muhula ikasomeka: 0.

Hapa ndipo penye hatari, ndugu zangu. Kosa linalopiga kelele ni rahisi, maana kila mtu anajua kuna jambo. Kosa lililonyamazishwa likawa na sura ya jibu ndilo linalodhuru. Mzee ni mtu mwaminifu. Alisoma sifuri, akaamini sifuri. Akawaambia wazazi watatu, wawili wa Katwe na mmoja wa Bwera, kwamba mfuko hauna kitu, wasubiri. Shule zikafunguliwa, na watoto wao wakabaki nyumbani.

Nilipompigia jioni, alisema kwa upole, "Kijana wangu, mwaka huu watu hawakutoa." Nikamwambia, "Mzee, walitoa. Mimi ndiye niliyewaficha." Wiki ikapita kabla sijaweza kurudi Katwe kutengeneza.

Jina na kitu chenyewe

Katika wiki ile nilijiuliza kosa langu lilikuwa wapi hasa. Kubadili jina si dhambi. Sisi watu wa Katwe tunaishi katikati ya majina yaliyobadilishwa.

Hifadhi ya wanyama inayotuzunguka ilianzishwa mwaka 1952 kwa jina la Kazinga. Mwaka 1954 ikaitwa Queen Elizabeth. Wakati wa Idi Amin ikawa Rwenzori, kisha ikarudi kuwa Queen Elizabeth. Ziwa Edward, ambalo wavuvi wetu wanalitegemea, mwaka 1973 liliitwa Ziwa Idi Amin Dada, na mwaka 1979 likarudishiwa jina lake. Ng'ambo ya Mpondwe nchi nzima iliitwa Zaire kuanzia mwaka 1971 hadi 1997, na hadi leo sokoni Bwera utamsikia mzee akisema mzigo wake unakwenda Zaire.

Kiboko wa Ziwa Edward hakujua lolote kati ya hayo. Maji yalikuwa yale yale, na samaki wale wale. Waliosumbuka ni wenye ramani, vitabu na barua. Kila karatasi iliyolitaja jina la zamani ilibaki nalo mpaka mtu aifuate na kuirekebisha.

Hivyo ndivyo safuwima ilivyo. Ndani ya mfumo, data haisogei hata kidogo unapobadili jina. Faharasa iliyojengwa juu ya safuwima hiyo inaendelea kufanya kazi, kwa sababu mfumo wenyewe unaitambua safuwima kwa namba yake ya ndani. Lakini prosija, mionekano, faili za Excel na programu zinaitambua kwa jina. Hizo ndizo ramani zako za zamani.

Basi kuna jambo la kwanza: kabla ya kubadili jina, tafuta wote wanaolitumia.

Aina mbili za kubadili

Jambo la pili nililipata katika masomo yetu wenyewe, nalo ndilo kubwa zaidi.

Katika Sahihi Muslim imepokewa kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alimbadilisha jina mwanamke aliyeitwa Asiya, lenye maana ya mwasi, akamwita Jamila. Mtu alibaki yule yule. Haki zake, ndugu zake na urithi wake havikuguswa. Jina lilikuwa baya, likapatikana zuri.

Sasa mtazame Zayd, radhi za Allah ziwe juu yake. Watu walimwita Zayd bin Muhammad, kwa kuwa Mtume alimlea na kumfanya mwana. Iliposhuka aya ya 5 ya Suratul-Ahzab, iliyoamrisha watu waitwe kwa baba zao, alirudi kuwa Zayd bin Haritha. Hapo halikubadilika jina tu. Yale yote yaliyojengwa juu ya jina la kwanza, nasaba, urithi, ndoa, yalipaswa kupangwa upya, kwa sababu jina la kwanza, pamoja na mapenzi yote yaliyokuwa ndani yake, halikueleza ukweli wa nasaba.

Kwa hiyo jina la safuwima linabadilishwa kwa sababu moja kati ya mbili.

Ya kwanza, jina ni baya au halieleweki: Kol3, Tar, Mt. Kilichomo ni sahihi, na unataka kukiita vizuri. Hapa fanya kwa upole. Unaweza hata kuwaachia watumiaji wa zamani jina lao kwa muda, kwa kuwatengenezea mwonekano unaoitoa safuwima mpya kwa jina la zamani:

CREATE VIEW dbo.MichangoYaZamani AS
SELECT Tarehe AS Tar, Mtoaji AS Mt, Kiasi AS Kol3
FROM dbo.Michango;

Ya pili, jina ni la uongo. Hapa usilipe jina la zamani kivuli cha kukaa. Afadhali taarifa ya zamani ivunjike kwa kelele kuliko iendelee kuleta jumla isiyo kweli. Na ujue kwamba kubadili jina peke yake hakutoshi, maana jina jipya halitenganishi kilichochanganyika. Niliandika Kiasi mahali pa Zaka nikajiona nimemtendea haki Hajati. Kumbe sadaka yake bado ilikuwa chungu kimoja na zaka ya mwingine. Nilichofanya ni kubadili kibandiko tu.

Mafakihi wana kanuni wanayoitumia katika mikataba: kinachozingatiwa ni makusudio na maana, si matamshi na muundo wa maneno. Tunaisoma tunapojadili riba iliyovalishwa jina la faida au la ada. Nilikuwa nimeiandika katika mtihani na kupata alama nzuri, na sikuiona ilipokaa mbele yangu katika jedwali.

Hatua za kufuata

Niliporudi Katwe nilifanya hivi, na hivi ndivyo ninavyokushauri ufanye.

1. Chukua nakala ya akiba. Usiguse kitu kabla ya hapo.

BACKUP DATABASE Mfuko TO DISK = 'D:\Akiba\Mfuko.bak';

2. Tafuta wanaolitumia jina. Maandishi ya prosija, mionekano na vichochezi yanatunzwa ndani ya mfumo, nawe unaweza kuyauliza:

SELECT OBJECT_NAME(object_id) AS Jina
FROM sys.sql_modules
WHERE definition LIKE '%Zaka%';

Swali hili lingechukua sekunde moja siku ile ya Januari, na lingenionyesha JumlaYaKugawa. Lakini lina mpaka wake: halioni faili za Excel, programu zilizo nje, wala daftari la mhazini. Hao watafute kwa miguu. Uliza, "Nani anasoma kumbukumbu hizi, na kwa njia gani?"

3. Tazama masharti. Kama safuwima ina sharti la ukaguzi, kwa mfano kwamba kiasi kisipungue sifuri, sp_rename itakataa, kwa sababu sharti hilo limefungwa na jina. Liondoe kwanza, badili jina, kisha lirudishe.

4. Badili jina, ukiwa mwangalifu na sehemu ya pili. Jina jipya liandikwe peke yake. Wengi huandika hivi:

EXEC sp_rename 'dbo.Michango.Zaka', 'dbo.Michango.Kiasi', 'COLUMN';

Mfumo hautakataa. Utakupa safuwima ambayo jina lake lote, pamoja na nukta zake, ni dbo.Michango.Kiasi, na kila ulizo lako litashindwa kuipata kwa jina la Kiasi. Ukishatumbukia humo, unatoka kwa kulizungushia jina hilo mabano ya mraba:

EXEC sp_rename 'dbo.Michango.[dbo.Michango.Kiasi]', 'Kiasi', 'COLUMN';

5. Kama jina lilikuwa la uongo, tenganisha kilichomo. Mimi kwanza niliiondoa ile Zaka ya sifuri, baada ya kuhakikisha haina mchango wowote ndani yake. Kisha nikaongeza safuwima ya aina:

ALTER TABLE dbo.Michango
ADD Aina nvarchar(20) NOT NULL DEFAULT 'haijulikani';

Kila mchango wa zamani ukapewa neno haijulikani. Hilo ni neno la kweli. Ukiandika usilolijua kana kwamba unalijua, unarudi ulikotoka.

6. Rekebisha prosija na kila ulichokipata katika hatua ya pili:

ALTER PROCEDURE dbo.JumlaYaKugawa @Muhula int AS
SELECT Aina, SUM(Kiasi) AS Jumla
FROM dbo.Michango
WHERE Muhula = @Muhula
GROUP BY Aina;

7. Jaribu mbele ya mtumiaji, kabla hujaondoka. Mimi niliketi na mzee mhazini, akabonyeza kitufe mwenyewe, tukalinganisha jumla na kitabu cha stakabadhi kwa kalamu. Usiseme kazi imekwisha hadi karatasi na kompyuta zikubaliane.

8. Andika tarehe, jina la zamani, jina jipya na sababu, mahali ambapo atakayekufuata ataona.

Wanaotumia mifumo mingine wana njia fupi zaidi. MySQL tangu toleo la 8.0 na PostgreSQL zote mbili zinakubali amri hii:

ALTER TABLE Michango RENAME COLUMN Zaka TO Kiasi;

Katika PostgreSQL mionekano inafuata safuwima iliyobadilishwa jina, lakini prosija zilizoandikwa kwa maandishi hazifuati. Na katika mifumo yote, binadamu hafuati mpaka aambiwe.

Kuujaza mwanya

Hatua ya tano ndiyo iliyotuchukua siku nyingi. Haikuwa kazi ya kompyuta, ilikuwa ya kutembea nyumba kwa nyumba.

Nilidhani nitaweza kukisia aina ya mchango kwa kumtazama mtoaji. Haikuwezekana, na chumvi yenyewe ndiyo iliyonifundisha. Anayenunua chumvi kwa wachimbaji akaiuze Mpondwe, mali yake ni ya biashara. Ikifika nisabu na kupitiwa na mwaka, ana zaka ya asilimia 2.5. Lakini mwenye kidimbwi anayevuna mwenyewe? Mafakihi wametofautiana. Katika madhehebu ya Shafi, wanayoyafuata wengi kwetu, zaka ya madini ni katika dhahabu na fedha tu. Katika madhehebu ya Hanbali inaingia kila aina ya madini, na chumvi imo. Basi wenye vidimbwi wawili wanaweza kuketi bega kwa bega, wakatoa kiasi kile kile siku ile ile, mmoja akiwa ametoa zaka na mwingine sadaka. Tofauti imo katika nia, na nia haina safuwima. Inabidi umuulize mwenyewe.

Tukauliza. Mzee mhazini alikuja na vitabu vya stakabadhi, mimi na kompyuta, tukapita mitaani na ziwani. Waliokumbuka walisema, nasi tukaandika. Wengine walikuwa wamehama, na mmoja alikuwa amefariki. Tulipomuuliza shehe wetu juu ya hao, alisema, "Hayo msiyoyajua yatumieni kwa masikini Waislamu peke yao. Kama ni zaka, imefika. Kama ni sadaka, imefika pia." Nimesoma mlango wa kuchukua hadhari katika vitabu, lakini siku hiyo niliuelewa.

Tulipomaliza kutenganisha, sadaka na michango ya ujenzi zilitosha kuyafunika mabati ya madrasa. Hakuna zaka iliyopandishwa kwenye paa. Alhamdulillahi. Lakini sina haki ya kujisifu kwa hilo, maana hatukulilinda sisi. Tuliliombea baada ya kutokea.

Watoto watatu walilipiwa karo na kurudi shule. Mama wa yule wa Bwera aliniambia mtoto wake alikosa jaribio la kwanza la hesabu. Hakunilaumu. Alinieleza tu, kama mtu anayetaja hali ya hewa, na maneno yale yamenikaa.

Chumvi ya Ma'rib

Namalizia na hadithi iliyomo katika Sunan Abi Dawud na Jami' ya Tirmidhi, ambayo sisi wa Katwe tungepaswa kuijua kwa moyo.

Abyad bin Hammal alimwendea Mtume, rehema na amani zimshukie, akamwomba ampe chumvi ya Ma'rib, huko Yemen. Akampa. Alipoondoka, mtu mmoja aliyekuwapo akamweleza Mtume kwamba alichompa ni kama maji yasiyokatika, yaani chumvi iliyo wazi, inayochukuliwa bila kazi kubwa. Basi akairudisha. Mafakihi wamejenga juu ya hadithi hii kwamba kitu cha namna hiyo hakimilikishwi mtu mmoja, bali ni cha watu wote.

Ninachokitazama mimi ni namna ya kurekebisha. Kitu kilitajwa kwa jina la chumvi, kikatolewa. Ulipobainika ukweli wa kilicho nyuma ya jina, uamuzi ulibadilishwa, waziwazi, mbele ya watu. Hakuna aliyesema kwamba kilichokwisha kuandikwa kiachwe kilivyo ili kuepuka aibu.

Aya ya 282 ya Suratul-Baqara, iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, inahusu kuandika madeni, na inamtaka mwandishi aandike kwa uadilifu. Wengi wetu tunaosoma gazeti hili ni waandishi wa kitu fulani: daftari la futari, orodha ya wanachama, mfuko wa mazishi, michango ya kambi ya likizo. Wiki hii fungua jedwali lako, hata kama ni daftari la kawaida. Soma majina yaliyo juu, kisha soma kilicho chini yake. Kama havilingani, usikimbilie kubadili jina kama nilivyofanya mimi. Tafuta kwanza nani analitegemea, kisha mtafute mwenye pesa umuulize.

Kabla sijarudi chuoni nilikwenda ziwani kumwona Hajati. Alikuwa amesimama ndani ya kidimbwi chake, maji yakimfika magotini, akikusanya chumvi. Nikamwonyesha katika simu safumlalo yake: tarehe, jina lake, Kiasi 20,000, Aina sadaka. Hasomi sana. Akanitaka nimsomee. Nikamsomea. Akasema, "Haya. Sasa mzee wangu amefikiwa," akaendelea na kazi.

Wabillahi tawfiq.